Mwenye Wiki

Mimi ndiye niliyejaza ile karatasi. Watu wakisimulia kesi yetu huanzia kwa kampuni, au kwa wakili, au kwa hakimu, nami huwaacha waendelee hivyo hivyo. Lakini mwanzo wake ni kalamu yangu mwenyewe, Jumamosi moja kwenye maonyesho ya kilimo mjini Embu, nilikokuwa nimeenda kutazama ng'ombe wa watu kwa sababu wangu alikuwa amekufa. Msichana mwenye fulana ya njano alinipa kuponi, akaniambia kuna zawadi ya likizo pwani kwa mume na mke. Mimi mume sina tangu zamani. Nikaandika majina ya wazazi wangu.

Baada ya siku kumi nikapigiwa simu kwamba mzee na mama wameshinda. Siku tatu kando ya bahari, kula na kulala, bila malipo. Kilichotakiwa tu ni wao wawili wafike hoteli fulani hapa Embu kuchukua vocha na kusikiliza maelezo ya saa moja na nusu. Nilitokwa na machozi nikiwa katika ofisi ya walimu. Wazazi wangu wanaishi juu kule Laare, katika milima ya Nyambene, na tangu nipate akili sijawaona wakikaa siku tatu bila kushika jembe, panga au mtoto wa mtu. Mama alikuwa na nyonga iliyomuuma kila baridi ya Julai iliposhuka, hata akawa anatembea kwa kushika ukuta. Nilijiona binti mwema kuliko wote. Rahisi ni ghali, wahenga walisema, na methali hiyo nimeifundisha shuleni Manyatta kwa miaka ishirini na miwili, nikitoa na mifano.

Walikuja. Baba alivaa koti lake la harusi na mazishi, Mama akafunga kitambaa kipya. Ndani ya ukumbi kulikuwa na muziki wa juu sana kwa saa nne za asubuhi, na kila familia ilipewa meza yake na mwuzaji wake. Mtu akitia sahihi, kengele ilipigwa na ukumbi wote ukapiga makofi. Mwanzoni nilidhani ni ubarikio wa namna fulani.

Mwuzaji wetu alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye manukato na adabu. Alimsalimu Baba kwa mikono miwili. Alimwuliza Mama kama safari ilimchosha, na Mama, ambaye hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote wa nyumbani kwake, akamwonyesha nyonga.

"Hiyo ni baridi, mama," akasema, akitikisa kichwa kama daktari. "Hakuna kitu kingine. Kule pwani hakuna baridi. Ukikaa kule, hiyo miguu itasahau."

Nilimwona Baba akikaa vizuri kwenye kiti. Mpaka wakati huo alikuwa akitazama mlango.

Watu husema kwamba wazee wetu walilaghaiwa kwa sababu ya tamaa. Nikisikia hivyo huwa nataka kumrukia mtu. Baba hakuwa na tamaa ya bahari. Alitaka mahali penye joto pa kumpeleka mke wake Julai na Agosti, na mtu mwenye manukato alikuwa amemwambia kwamba mahali hapo papo na panauzwa.

Ile saa moja na nusu ya maelezo ikageuka muda wa saa tano. Chakula kilikuwa kikinukia nyuma ya pazia na hakikuja. Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na tisa, Kiingereza kitupu, na Kiswahili cha Baba ni cha sokoni, cha kusalimia, kupatana bei na kugombana. Mwuzaji alipoona maneno hayashiki, alinigeukia.

"Madam, wewe ni mwalimu. Mweleze mzee kwa lugha ya nyumbani. Wewe ndiye utamweleza poa kuliko mimi."

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi mno. Katika ukumbi ule wote wenye watu wa tai na mikoba, mimi ndiye niliyeitwa mwalimu.

Katika karatasi zile za Kiingereza, mnunuzi aliitwa *week owner*, mwenye wiki. Yaani mwaka una wiki zake, na kila wiki ya nyumba ile ya pwani ina mwenyewe, na wiki ya Baba ilikuwa moja ya mwezi wa Mei. Sasa, kwa Kimeru, mwenye ni *mwene*, hilo halina shida. Wiki ni *kiumia*. Lakini *kiumia* hilo hilo ndilo jina la Jumapili, siku ya kanisa. Nilifungua mdomo kumwambia Baba kwamba atakuwa *mwene kiumia*, nikasikia masikioni mwangu jinsi litakavyotoka: mwenye Jumapili. Mwenye Jumapili ni Mungu. Mama angecheka. Mama akicheka hucheka kwa mwili mzima, anapiga mapaja, anamwita na jirani aje kusikia, na Baba huanza pale anapoishia yeye. Nikawaza wazazi wangu wa Laare wakicheka namna hiyo mbele ya watu wa tai, na mwuzaji yule akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikaona aibu kabla haijaja.

Basi nikafunga mdomo, nikafikiri, nikaufungua tena. Nikamwambia Baba kwamba atakuwa *mwene nyomba*. Mwenye nyumba.

Nilijitetea moyoni hapo hapo. Mwuzaji alikuwa amesema, tena mara tatu, "Ni yenu, vizazi na vizazi, hata watoto watarithi." Kitu ambacho watoto hurithi ni nyumba au shamba. Hizo habari za wiki nilizichukulia kuwa namna yao ya kuandika, kama vile benki isivyoweza kusema jambo kwa sentensi moja. Nilikuwa nimesoma kurasa tatu katika zile kumi na tisa.

"Ni yetu?" Baba akaniuliza.

"Ni yetu."

Akaweka kidole kwenye wino, kisha akaandika jina lake pia, polepole, kwa zile herufi alizofundishwa kanisani. Mwuzaji akafunua ukurasa wa mwisho na kunisogezea mimi.

"Hapa ni wewe, madam. Ni formality tu."

Nikatia sahihi. Kengele ikapigwa, tukapigiwa makofi, na chakula kikaja.

Ili kulipa, Baba alikodisha miti. Wasiojua mambo ya miraa nitawaeleza kidogo. Kwetu mtu anaweza kumpa mfanyabiashara miti yake achume kwa miaka kadhaa, akapokea pesa zote mara moja, na shamba likabaki lake. Baba hakuwahi kufanya hivyo, aliwacheka waliofanya. Lakini alikodisha miti ya juu, ile iliyopandwa na babu yangu, kwa mfanyabiashara wa Kangeta, miaka kumi. Baba alikuwa na miaka sabini na minne. Alihesabu kwa vidole, akasema miaka kumi si mingi kwa mtu atakayekuwa akiota jua Julai.

Nilimpelekea nauli mimi mwenyewe Mei ilipofika. Ile zawadi ya siku tatu haikuwahi kuonekana, kila tulipopiga simu tuliambiwa tarehe zimejaa, lakini barua ya kusema wiki yao imewadia ilikuja, na Baba aliichukulia kuwa barua ya kukabidhiwa ufunguo. Mimi nilikuwa shuleni, muhula umeshika. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Mama.

Baba alipitia dukani Laare akanunua kufuli. Kufuli la shaba, kubwa, la kufungia ghala. Alinunua pia pete mbili za chuma za kupigilia mlangoni, pamoja na nyundo, kwa sababu hakujua kama huko kwa watu wa bahari nyundo zipo. Mama alibeba mkungu wa ndizi na magunzi ya mahindi ya kuwashia moto. Walipofika walikuta jiko la gesi. Mama aliyaweka magunzi yale chini ya kitanda, akiyatunza kwa safari ijayo.

Walikaa siku saba. Mama anasema nyonga haikuuma hata siku moja. Sikupenda kusikia hilo wakati huo na sipendi kulisikia leo, kwa maana lingekuwa rahisi kama kila kitu walichosema kingekuwa uongo. Siku ya saba mhudumu alibisha mlango akawaambia watoke kufikia saa nne. Baba hakuona ajabu. Alikuwa tayari amewaza mbuzi wake. Alipigilia zile pete mbili kwenye mlango na mwimo, akatia kufuli, akafungasha ufunguo ndani ya leso, akamwendea bawabu.

"Nitarudi Julai baridi ikianza," akamwambia kwa Kiswahili chake. "Wewe chunga."

"Sawa, mzee," bawabu akajibu. Huyo bawabu simlaumu. Mimi pia ningejibu hivyo.

Jioni hiyo familia nyingine ilisimama mbele ya mlango huo na mizigo yake. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye mkutano wa wazazi. Mwanamke wa kampuni alikuwa akifoka kwa Kiingereza kwamba mzee wangu amefungia watu nje ya nyumba yao. Mimi nikafoka kwa Kiswahili kwamba nyumba ni yake. Kisha akasema kwa upole, "Madam, mlisoma mkataba?"

Usiku ule niliusoma. Kurasa zote. Nilifika ukurasa wa kumi na tisa, nikaona sahihi yangu, na juu yake maneno ambayo sikuyasoma siku ile: kwamba mimi niliyetia sahihi hapa nimemsomea na kumfafanulia mnunuzi mkataba huu wote kwa lugha anayoijua, na kwamba ameuelewa kikamilifu. Nilivifunga vile vikaratasi kwenye mfuko wa nailoni nikaviweka juu ya kabati, mahali ninapoweka vitu nisivyotaka kuviona.

Sikumwambia Baba mambo ya ukurasa huo. Nilimwambia kwamba ni wiki moja tu kwa mwaka, na kwamba Julai hawezi kwenda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna kosa mahali," akasema. "Ongea nao, mwalimu. Wewe unajua maneno."

Tangu niajiriwe Baba huniita mwalimu. Hulisema kwa utani na kwa fahari pamoja. Siku hiyo nilitamani aniite jina lolote lingine.

Niliongea nao. Niliandika barua, nikapiga simu, nikasafiri hadi Nairobi, ambako nilikalishwa kwenye kochi laini na kupewa maji ya chupa, kisha nikaambiwa kwamba mkataba hauvunjwi. Mnunuzi akichoka na wiki yake, anaweza kumtafuta mtu wa kumwuzia. Nilicheka peke yangu kwenye lifti.

Baadaye nikagundua hatuko peke yetu. Mwalimu mkuu mstaafu wa Chuka, mchungaji na mkewe, mjane wa Siakago aliyetia sahihi akiwa bado na matanga, wauguzi wawili. Tukaunda kundi la simu. Siku moja niliwaeleza kisa cha *kiumia*, nikikisimulia kwa mzaha kana kwamba kilimpata mtu mwingine, na yule mwalimu mkuu akabadilisha jina la kundi hapo hapo. Tukawa Wenye Kuumia. Mchungaji alilalamika kidogo, lakini jina lilikaa.

Tulimpata wakili ambaye ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo hapa Embu. Alisema hatuwezi kwenda wote kwa pamoja, gharama ingetumaliza. Tupeleke kesi moja kwanza, iliyo na nguvu kuliko zote, nyingine zifuate nyuma yake. Alisikiliza kila mtu. Alipofika kwa Baba na kusikia habari za kufuli, alisimama kutoka kwenye kiti.

"Huyu ndiye," akasema. "Mzee hasomi Kiingereza. Na kufuli! Ni nani duniani hufunga hoteli kwa kufuli lake? Hakimu akisikia hiyo, imeisha. Huyu mzee aliuziwa nyumba."

Baba akauliza swali moja tu. Je, wakishinda, pesa zikirudi, zitarudi mapema? Mfanyabiashara wa Kangeta alikuwa amekubali kuachilia miti akirudishiwa chake kabla ya mvua za mwishoni mwa mwaka, na Baba alikuwa na haraka kwa sababu ya jinsi miti ile ilivyokuwa ikichumwa. Mkodishaji hana kesho. Watu wake walikuwa wakichuma mpaka vile vichipukizi ambavyo Baba huviacha vipumzike. Baba alikuwa akipanda huko juu asubuhi na kusimama ng'ambo ya ua akitazama matawi yakipigwa kipara, shamba lake, miti ya baba yake, na hana ruhusa ya kuwashusha. Mama aliniambia ameacha kunywa chai ya asubuhi. Wakili akasema mapema iwezekanavyo. Mawakili wote husema hivyo.

Kesi ilikuja kusikizwa baada ya kuahirishwa mara nne. Mkalimani wa Kimeru aliletwa kutoka upande wa Meru, na Baba alizungumza vizuri kuliko nilivyotarajia. Wakili wa kampuni, mwanamke kijana mwenye sauti laini, alimwuliza kama hakuambiwa kwamba anatumia tu kwa wiki moja.

"Mimi najua kukodisha," Baba akasema. "Kuna mtu anachuma miti yangu miaka kumi. Nimempa kwa mkono wangu. Lakini haitwi mwenye miti. Hata yeye ukimwita hivyo atakataa. Mimi niliambiwa ni mwenye. Nikaenda na kufuli."

Hata hakimu aliinua macho. Wenye Kuumia waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa kwa furaha, na wakili wetu akaniangalia kama mtu aliyeona nyama ikiiva. Kwa dakika chache niliamini kabisa. Niliwaza hata gari la kumpeleka Baba Kangeta na pesa zake.

Halafu wakaniita mimi.

Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa kwenye jalada, na wakili wetu aliuona. Alikuwa amenipigia siku mbili kabla, akasema, "Hiyo tutasema ulisign bila kusoma. Kila mtu husign bila kusoma." Niliposimama kizimbani nikiwa nimeshika Biblia, nilijua kwamba hilo halitoshi, na kwamba sina lingine.

"Mwalimu," yule mwanamke wa sauti laini akaanza, "unafundisha somo gani?"

"Kiswahili."

"Na ufahamu?"

"Na ufahamu."

Mtu alicheka nyuma. Wakili wa kampuni akanipa karatasi, akaniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaniomba nisome maneno yaliyo juu yake, kwa sauti. Nikasoma. Nina sauti nzuri ya kusoma, watoto wote husema hivyo.

"Ulipotia sahihi hapa ulikuwa unasema kweli au uongo?"

Wakili wetu akasimama kupinga, akaketishwa.

"Sikuwa nimesoma yote," nikasema.

"Kwa hiyo uongo. Kampuni iliamini neno la mwalimu, na mwalimu alikuwa akisema uongo. Sasa tuambie. Hili neno, mwenye wiki, ulimwelezaje baba yako?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Watu wengi husema hivyo mle ndani na hawafi. Lakini Baba alikuwa ameketi pale mbele, koti lake la harusi na mazishi limefungwa vifungo vyote, ananitazama kama anavyonitazama siku zote ninapozungumza mbele za watu.

"Mwenye nyumba," nikasema.

"Ni kampuni iliyokuambia useme hivyo?"

"Hapana."

"Lipo neno la wiki kwa Kimeru?"

"Lipo."

"Kwa nini hukulitumia?"

Nilitafuta jibu lenye heshima.

"Lingechekesha," nikasema.

Hakimu akaliandika. Niliona kalamu yake ikienda.

Siku hizi hukumu husomwa kwa simu. Wanakutumia kiungo, unabonyeza, unamwona hakimu akiwa mdogo kama picha ya kitambulisho. Baba na Mama walikuja kwangu Manyatta siku ile kwa sababu Laare mtandao hupotea. Nilisimamisha simu ikiegemea kopo la sukari mezani, saa tatu asubuhi. Baba aliketi ameielekea, kofia mkononi, kwa sababu alisema mahakama ni mahakama. Mama alikuwa na uteo wa ndengu magotini akitoa mawe. Kwenye kundi letu mjane wa Siakago alikuwa ameandika, "Leo Mungu ni wetu."

Tulisubiri kesi za watu wengine zisomwe. Mwishowe tukasikia jina la Baba, likitamkwa vibaya. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, haraka, kwa sauti ya mtu aliye na mengine mengi ya kusoma. Hapakuwa na mkalimani. Alisema mahakama inamwonea mzee huruma. Alisema kufuli linaonyesha kwamba mzee aliamini kwa moyo wote kwamba amenunua nyumba. Moyo wangu ukapanda. Kisha akasema kwamba imani hiyo hakuipata kwa kampuni. Aliipata kwa mfasiri aliyechaguliwa na familia yake, binti yake mwenyewe, mwalimu wa lugha, aliyethibitisha kwa maandishi kwamba amefafanua kila kitu. Mkataba ni halali. Mdai abaki na wiki yake na majukumu yake. Kesi imetupwa, na gharama juu yetu.

Picha ya hakimu ikatoweka, akaitwa mtu mwingine. Simu ilianza kutetemeka, kundi limeamka. Niliigeuza kifudifudi.

Baba alikuwa amelisikia neno moja tu katika yote yale, lile la mwalimu. Kwa Kiingereza pia analijua. Uso wake ulikuwa umefunguka kidogo.

"Wamekutaja," akasema. "Amesema nini?"

Nilitazama mikono yangu. Nilifikiria kumwambia kwamba mtandao umekatika. Nilifikiria kusema kwamba tutakata rufaa, ingawa wakili alikuwa ameshatuambia ada ya rufaa na hatukuwa nayo. Nje kuku wa jirani alikuwa akitangaza yai lake kana kwamba hakuna kuku mwingine aliyewahi kutaga. Hapakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa mimi. Hapajawahi kuwa na mwingine.

"Amesema nini, mwalimu?" Mama naye akauliza. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya uteo.

"Miti haitarudi," nikasema. "Amesema karatasi ni sawa vile ilivyo." Kisha nikalisema lile neno, kwa mara ya kwanza, kama lilivyoandikwa. "Amesema wewe, Baba, ni *mwene kiumia*."

Mama alinitazama. Alimtazama Baba. Alijaribu kujizuia, nilimwona akiuma kitambaa, lakini kicheko kikamtoka.

"*Mwene kiumia*!" akasema. "Si huyo ni Mungu!"

Akapiga mapaja, ndengu zikamwagika sakafuni zikaviringika mpaka chini ya kabati. Baba naye akaanza, pale pale anapoanza siku zote. Alicheka mpaka akakohoa, akacheka na kofia imeziba mdomo, mabega ya lile koti yakipanda na kushuka. Mimi sikuweza kucheka wala kulia. Nilipiga magoti nikawa naokota ndengu.

Alipotulia alijifuta macho kwa ile leso yake. Ufunguo wa kufuli ulikuwa bado umefungwa kwenye pembe yake, nikausikia ukigonga meza. Alizungumza bila hasira, kwa ile sauti yake ya kunielekeza njia.

"Mwalimu," akasema, "siku ile ungeniambia hivyo, tungecheka hivi hivi, kisha tungeinuka twende nyumbani."